Pedali ya Upande wa Pili

Mjini hapo, ukimwona dereva anayesimama kabisa kwenye alama ya kusimama hata kama barabara ni tupu, jua kafundishwa na Mwalimu Taratibu. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake, na hawakumpa kwa sifa. Mzee wa watu alikaa kiti cha abiria kutwa nzima, mguu juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya shule za udereva huwekewa kwa ajili ya mwalimu, akisema "taratibu, taratibu" hata gari likiwa limeegeshwa.

Basi huyo huyo Taratibu ndiye aliyepatwa na wazimu wa mbio.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kigari cha shule, kifupi, cheupe, kisicho na buti la maana. Mwenye shule alikinunua kwa kuwa ni kidogo, wala hakuuliza habari za injini. Kumbe waliokiunda walikitia injini ya kukimbilia, na mwanafunzi akiachia klachi vibaya kilikuwa kinaruka kama chura. Wanafunzi wakakikimbia, mwenye shule akakichoka, na Taratibu akakichukua yeye. Mkewe, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, alidhani ni cha kwendea sokoni.

Nje ya mji palikuwa na uwanja wa mbio uliofunguliwa Jumamosi moja moja kwa watu wa kawaida, kila mtu na gari lake, mradi likaguliwe kwanza. Hapakuwa na kombe wala mshindi. Unazunguka mpaka roho iridhike, halafu unarudi nyumbani. Taratibu alikwenda mara moja kutazama tu, na aliporudi akaanza kukivua kigari kila kisichosaidia kukimbia: zulia, redio, tairi la spea, mpaka viti vya nyuma. Viti hivyo vikaishia sebuleni.

"Mgeni akija tumfunge na mkanda?" mkewe aliuliza.

"Asipotulia, mfunge."

Lakini msimcheke sana. Wazimu ule ulikuja kupata sababu, na sababu yenyewe ni binti yake.

Alikuwa amefundisha nusu ya mji, lakini binti yake wa kuzaa alimshinda. Kila walipotoka kujifunza, binti akiikaribia kona au mtu yeyote kando ya njia, mguu wa baba ulishuka kwenye breki yake na gari likakita pua.

"Hukuiona ile baiskeli."

"Nimeiona, baba."

"Hukuiona."

Siku moja binti alizima gari katikati ya barabara, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Akaenda kujifunza kwenye shule ya mtaa wa pili, ya wapinzani, akafaulu mtihani mara ya kwanza, akaajiriwa kuendesha gari la mikate. Tangu hapo hakuwahi kushika usukani baba yake akiwa pembeni. Kukiwa na harusi, baba na mama gari lao, binti lake. Walisalimiana, walikula pamoja, walitaniana, lakini hilo lilibaki pale pale, na lilimuuma mzee kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Sasa binti alipopita siku moja akakikuta kigari juu ya jeki, aliinama akachungulia chini. "Springi hizi utazibadilisha?" aliuliza. Mzee alikuwa hana mpango huo. Akasema ndiyo, kesho. Kwa swali lile angebadilisha hata bati la nyumba.

Ikawa kila Jumapili wako uani pamoja, mafuta mpaka viwikoni. Walitia springi fupi na ngumu, pedi mpya za breki, mafuta ya breki yasiyochemka upesi, na tairi zinazong'ang'ania lami. Binti ana mikono myepesi, na nati iliyomgomea baba yeye aliilegeza huku anapiga mluzi. Mzee alijisikia tajiri. Alichosubiri ni neno moja tu, binti aseme, nipe niendeshe.

"Nitakuja kukutazama," binti alimwambia. "Kuendesha na wewe pembeni, hapana. Umetoa mpaka zulia kupunguza uzito. Hiyo pedali ya mwalimu umeiacha ya nini?"

"Ni ya usalama."

"Usalama wa nani?"

Mzee akajifanya anatafuta spana.

Jumamosi ilipofika, mkaguzi wa uwanjani alitikisa magurudumu, akapima mikanda, kisha akaingiza kichwa ndani. "Na hii?"

"Ya mwalimu," alisema Taratibu.

"Mwalimu yuko wapi?"

Binti alicheka mpaka akashika tumbo. Mkaguzi akasema abiria anaruhusiwa, ila asiiguse. Binti akasita, akakitazama kigari alichokifanyia kazi kwa mikono yake, akavaa kofia ngumu, akaingia upande wa abiria. Mzunguko mmoja tu, alisema.

Mzunguko huo Taratibu aliuendesha kama anapeleka mayai. Magari yaliwapita kushoto na kulia. Binti alikaa kimya kwa adabu, na adabu ile ilimchoma mzee kuliko kejeli. Basi mzunguko wa pili, ambao hakuna aliyeuomba, akakanyaga mafuta. Injini ikalia. Njia ndefu iliyonyooka ikawajia kwa kasi, na mwisho wake kona. Safari hii mzee alijiambia hatashika breki mapema, zile pedi mpya ni za nini? Alikuwa ameshachagua pale pa kukanyagia, na alikuwa bado hajafika.

Gari likakita pua. Mkia ukayumba, gari la bluu lililokuwa nyuma likawakwepa huku linapiga honi, na mzee akakipitisha kigari kwenye kona kwa kubahatisha. Kilipotulia alitazama chini. Kiatu cha binti kilikuwa juu ya pedali.

Hasira zilimpanda, halafu zikashuka, na baada yake ikaja fedheha. Kumbe ndivyo ilivyo. Umeshika usukani, unajua unachofanya, na mtu anakunyang'anya gari mikono yako ikiwa bado juu yake.

"Samahani, baba," binti alisema. "Niliogopa."

Mzee aliliongoza gari polepole mpaka mahali pa kupumzikia, na njia nzima alikuwa akiyawaza maneno yale. Mtoto kayatamka papo hapo, bila kutafuta baiskeli ya kusingizia. Yeye miaka yote hakuwahi.

Alichukua spana, akajilaza kifudifudi upande wa abiria, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje. Nati zilikuwa na kutu. Huko chini, asikoonekana uso, akasema, "Ile baiskeli uliiona."

Binti alishika mlango, akainama.

"Uliiona kabla yangu. Na vyote vingine uliviona. Hukuwa dereva mbaya hata siku moja. Mimi nilikuwa naogopa, nikakutupia wewe."

"Ungesema tu, baba," binti alijibu. "Mimi nilijua hunipendi kwenye usukani. Nilijua mimi ndiye nisiyefaa."

Mzee alifuta uso kwa kiganja chenye grisi, akatoka huko chini na pedali mkononi. Hakujua aiweke wapi. Binti akaipokea, akaitupa kwenye boksi la spana, kisha akazunguka upande wa dereva na kusogeza kiti mbele.

"Funga mkanda," alisema.

Akatoka bila papara, akapasha tairi moto kwanza, kisha akakiachia kigari. Njia ndefu ikaja, na mwisho wake kona ile ile. Mguu wa mzee ukaenda wenyewe, ukakuta sakafu tupu.

"Naogopa," alisema, kwa sauti ya kusikika ndani ya kofia.

"Na mimi," binti akajibu, na hakushika breki mpaka pale alipotaka mwenyewe.