Siku script yangu ilifunga butchery ya Mary Wanjiku wa Riruta

Niajeni wakuu,

Hii story nimekaa nayo miaka mingi bila kuiweka popote. Ni ukweli mtupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na ile ofisi sitaitaja hata mnibembeleze inbox.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, ile enzi ukivaa flash disk shingoni watu wanakuona profesa. Nilikuwa nimetoka college juzi tu, nikapata job kwa kampuni ndogo ya software Hurlingham, pale Argwings Kodhek Road, juu ya duka la maua. Tulikuwa watu sita pamoja na boss, Wanjohi, mtu wa suti na maneno mengi.

Wanjohi akashinda tenda ya ofisi moja ya serikali huko town. Hiyo ofisi ndiyo ilikuwa inatoa leseni za biashara ndogo za chakula: butchery, milk bar, vihoteli vya chapati, vitu kama hizo. Kila kitu kilikuwa kinaandikwa kwa mkono. Sisi tutengeneze system: maombi yaingie kwa kompyuta, leseni ichapishwe, na inspekta akienda field abebe list ya wenye leseni.

Database nikapewa mimi, na meza hukohuko kwa ofisi ya serikali. Wacha nijiskie!

Registers zote zilikuwa mikononi mwa karani mmoja, Mzee Swaleh. Mtu wa Mombasa, kofia safi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata. Aliingia hiyo ofisi kabla mimi nizaliwe. Na kile Kiswahili chake, ai, nilikuwa naona haya kufungua mdomo mbele yake.

Siku ya kwanza akaniambia, "Mwanangu, kabla hujaviingiza vitabu hivi humo ndani, kaa nami siku mbili tatu nikusomee. Vina mambo yake."

Nikamjibu, "Usijali mzee, system itajipanga."

Wakuu, mkisikia mtu wa IT akisema system itajipanga, ondokeni polepole.

Basi, madada wawili wa hiyo ofisi waka-type registers zote. Walipomaliza nikaona majina mengi yamejirudia. Jina moja, plot number moja, mara mbili. Vitabu vya zamani havikuwa na namba za kitambulisho, so nikapiga hesabu zangu: jina moja, plot moja, huyo ni mtu mmoja ameandikwa mara mbili. Safu ya aina ya biashara sikuiangalia hata. Nikaandika kascript, kaprogramu ka mistari kama kumi hivi. Kapitie kote, kabakishe rekodi ya mwisho, zingine kafute.

Nikabonyeza Enter, nikaenda kununua mandazi.

Sikuuliza mtu yeyote. Mzee Swaleh alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwa meza yangu.

Wiki mbili baadaye, siku ya demo. Conference room imejaa, projector inanguruma, na mbele kabisa ameketi Director, mama mmoja mkali, miwani inaning'inia kwa cheni. Kumbe asubuhi hiyohiyo mainspekta walikuwa washatumwa mtaani kujaribu list yetu mpya. Mimi sikuwa na habari.

Nikiwa katikati ya kuonyesha vile search inafanya kazi, mlango ukafunguka. Mama wa makamo, gumboots nyeupe, dustcoat nyeupe yenye madoa ya damu, paper bag mkononi. Askari wa mlangoni yuko nyuma yake anamwomba arudi.

Akauliza, "Nani hapa ndiye kompyuta?"

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Nimeambiwa huko chini kompyuta imesema mimi siko. Nataka kuongea na yeye."

Mtu mmoja akataka kucheka, akamwona Director, akaacha.

Huyo mama alikuwa Mary Wanjiku, mwenye butchery Riruta, karibu na Naivasha Road. Inspekta alikuwa amefika kwake saa mbili na list. Kwa upande wa butchery, jina lake halimo. Akaonyesha leseni yake ukutani, akaambiwa kama haiko kwa list basi hiyo ni feki, imechapwa River Road. Padlock ikapigwa. Ndani kulikuwa na nusu ya ng'ombe imetoka kuletwa, hana fridge, na jua la siku hiyo lilikuwa linachoma mabati. Kwa paper bag alikuwa amebeba leseni zake zote tangu aanze.

Director akanigeukia. "Mtafute."

Nika-type Mary Wanjiku, Riruta. Ikatokea kwa ukuta, kubwa kabisa: moja tu, milk bar.

"Mimi siuzi maziwa," akasema yule mama. "Huyo ni Mary mwenzangu, jirani. Tuko wawili plot moja."

Wakuu, hapo nikaikumbuka ile Enter yangu.

Wanjohi akaruka haraka, "Madam, hii ni human error. Makarani wamekosea upande wa registers." Chini ya meza akanikanyaga mguu.

Kila mtu akamwangalia Mzee Swaleh, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta. Akafungua kitabu chake taratibu, akapata ukurasa. "Humu wamo wawili, Madam. Nami nilikabidhi wawili."

"Basi mbona ndani yuko mmoja?"

"Hilo mimi silijui."

Hapa nataka niwe mkweli: nilinyamaza. Karibu dakika nzima. Nikajifanya natafuta kitu kwa keyboard. Nilikuwa bado probation, na nyumbani walikuwa washatangazia kanisa lote kwamba kijana wao anatengenezea serikali kompyuta.

Director akasema, "Swaleh, nitataka maelezo yako kwa maandishi leo."

"Naam, Madam."

Alisema hiyo naam kwa upole sana, bila hata kuniangalia. Hapo ndipo nilishindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Si makarani. Niliandika script ya kutoa majina yaliyojirudia. Nilidhani ni mtu mmoja."

Wanjohi akafunga macho.

Director akauliza, "Umetoa wangapi?"

"Sijui, Madam."

"Hujui."

Bahati nzuri nilikuwa nimeweka copy ya data kabla ya kufuta. Nikalinganisha palepale, kila mtu akisoma kwa projector. Mia tatu na kitu. Mia tatu na kitu ya watu kama huyu mama!

Director hakupiga kelele, na ningependelea angepiga. Akaagiza mainspekta wote warudi na zile list zichukuliwe. Kisha akaniambia mimi na Mzee Swaleh tuingie Land Rover ya ofisi, twende tukafungulie huyo mama na tumwombe msamaha mbele ya wateja wake.

Tulimpata inspekta hukohuko Riruta. Yule Mary wa maziwa alikuwa amefunga duka lake, amekalia kreti mbele ya mlango wa mwenzake asije mtu akauharibu. Padlock ikatoka. Mama Wanjiku akaingia, akainusa nyama, akaibonyeza kwa kidole, akainusa tena.

"Iko sawa."

Nikapumua. Nikaomba msamaha watu wakiangalia. Akaniambia tu, "Siku nyingine uulize, sawa?" Kisha akageuka, "Nani alikuwa anataka mifupa?"

Launch ikasongezwa mbele. Nikakaa na Mzee Swaleh wiki mbili, yeye anasoma, mimi na-type. Ndipo nikaona mambo ya vitabu vyake. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika: hawa ni wawili, si mmoja; mke wa fundi saa, huyu kahamia Kawangware. Hao madada hawakuambiwa wa-type penseli. Form yangu haikuwa hata na nafasi yake.

Siku ya tatu nikamwambia, "Mzee, naomba msamaha kwa vile nilinyamaza."

"Ulinyamaza, kisha ukasema," akanijibu. "Haya, mstari unaofuata."

Wanjohi alikaa mwezi mzima bila kuniongelesha. Demo sikupewa tena.

Leseni ya kwanza ya system mpya tulichapisha ya Mama Wanjiku. Akaja kuichukua mwenyewe, safari hii amevaa nguo ya kanisa. Akaisoma yote, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Na mkono wa mzee uko wapi?"

Nikamweleza sahihi ya Director imechapwa tayari na kompyuta, hiyo inatosha. Akaikataa katakata. Mzee Swaleh akatoa kalamu, akapiga sahihi pale chini kwenye nafasi wazi. Ndipo Mama Wanjiku akaikunja. Wiki hiyo kila aliyekuja alitaka hivyohivyo, mwishowe nikarudi kwa code nikaongeza mstari mmoja mtupu: Karani.

Mimi funzo langu ni hilo. Ukipewa data ya watu, tafuta aliyekuwa anaiandika, keti naye, uulize kabla hujafuta. Na ukiharibu, usingoje mtu asiyehusika aandike maelezo yako.

Nyinyi je, wakuu? Kuna mwenye aliwahi kuambiwa na kompyuta kwamba hayuko? Na ma-IT wenzangu mliowahi kubonyeza Enter mkaenda kula mandazi, leo ni siku ya kutubu. Nimeweka kiti, nawasikiliza.