Watu Wote Si Mtazamaji

Hospitali ilikuwa na ghorofa nne, na sisi tulikuwa chini ya zote. Shuka chafu zilitupwa wodini kwenye bomba pana la bati, zikatua puu ndani ya toroli. Tulizifua, tukazikausha, tukazipiga pasi, kisha mtu wa toroli akazipandisha kwa lifti. Kwa miaka kumi na moja mimi na mwenzangu tulisimama kwenye meza moja, yeye huku mimi kule, tukikunja shuka kubwa ambazo mtu mmoja hawezi kuzikunja peke yake. Nani alizilalia, alipona au hakupona, hayo hatukuyajua. Sisi tulijua madoa tu.

Mwenzangu tulimwita Sinema. Nilimpita kwa miaka kumi. Alikuwa mrefu, mwepesi, mtu wa kuanza sentensi akaisahau njiani. Saa nane mchana, mvuke ukishajaa chumbani na jua likipenya kwenye vidirisha vya juu, alisimama na ncha za shuka mikononi akiutazama ule weupe kama mtu anayeonyeshwa kitu.

"Dada, hebu ona," ananiambia.

Mimi naona shuka. Yeye anaona mwanamke anavuka daraja asubuhi, ukungu umeufunika mto, mbwa anamfuata nyuma. Anasimulia taratibu, kwa sauti ya chini, mpaka na mimi, mtu mzima niliyekula chumvi nyingi, naanza kusikia maji yakipita chini ya miguu yangu. Nikija kuzinduka, mashine namba mbili imesimama zamani na msimamizi yuko mlangoni, amekunja uso.

Ghorofa ya tatu kulikuwa na ofisi ya elimu ya afya. Walitengeneza filamu fupi za kuwafundisha wagonjwa kumeza dawa na kusafisha vidonda, wakatangaza kuwa wanahitaji mtu. Mfanyakazi wa hapohapo angepewa nafasi kwanza, mradi awe na cheti cha masomo ya habari. Sinema alijiandikisha chuo cha Jumamosi. Kamera alifaulu. Kuhariri alifaulu. Mtihani mmoja tu ulimgomea: kupanga na kufanya utafiti kabla ya kupiga picha. Alikuwa ameufeli mara mbili, na kanuni ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka mara ya tatu, kwaheri, usirudi tena.

Si kwamba hakujua kitu. Ukimuuliza ratiba ya kupiga picha, anakupa saa hadi saa. Ukaguzi wa mahali, anakuambia jua linaingia upande gani na kelele zinatoka wapi. Michoro ya picha kwa picha aliichora mpaka kwenye makaratasi ya sabuni. Shida ilikuwa swali moja: filamu hii ni ya nani? Mara zote mbili aliandika, "Ni ya watu wote." Mwalimu wake, mtangazaji mstaafu wa redio, alimwandikia kwa wino mwekundu: "Watu wote si mtazamaji. Nitajie mtu mmoja. Ana umri gani, anafanya kazi gani, anaogopa nini." Mara ya pili mwalimu aliandika hivyohivyo, ila kalamu yake ilitoboa karatasi.

"Lakini dada, nikimtaja mmoja, si wengine nitakuwa nimewafungia nje?" aliniuliza.

"Mimi nitajua wapi? Uliza wenye vyeti," nikamjibu. Moyoni niliona ana hoja.

Basi mimi niliyeishia darasa la saba nikafanywa mwalimu wa marudio. Tulikata maboksi ya sabuni tukayafanya kadi, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Kadi nilizishika mimi. Yeye alipiga pasi huku akijibu.

"Utafiti una aina ngapi?"

"Mbili. Wa kusoma walichokwisha andika wengine, na wa kwenda mwenyewe kuuliza."

"Wewe umekwenda kumuuliza nani?"

Kesho yake akapanda wodini na mtu wa toroli. Hakuna aliyemtuma. Katika miaka yote ile hakuna mmoja wetu aliyewahi kufika huko. Aliporudi alishika pasi bila kuiwasha.

"Dada, kuna mzee kitanda cha dirishani," alisema baadaye. "Anasema shuka ikifika na joto lake bado, anaifunika mpaka usoni, anajiona yuko kwao, mama yake yuko hai."

Nikamwambia mvuke umeniingia machoni. Tangu siku ile sikuweza kukunja shuka bila kumfikiria yule mzee nisiyemjua.

Sasa niseme lisilosemeka. Sikutaka Sinema afaulu. Wivu haukuwa, cheti cha nini kwangu? Ilikuwa hofu. Wanangu wameshaoa na kuolewa, mume wangu ni mtu wa "ndiyo" na "hapana", na katika siku nzima kulikuwa na saa moja tu niliyoipenda, ile ya mvuke na daraja na mbwa. Akipanda ghorofa ya tatu, nani angeniambia "hebu ona"? Kila kadi aliyoijibu sawasawa ilinichoma.

Ijumaa, mtihani ukiwa kesho, tulifika kadi ya mwisho. Chumba kilikuwa cheupe chote, hata mikono yetu ilikuwa haionekani vizuri.

"Mtazamaji wako ni nani?"

Akatazama shuka muda mrefu, macho yamelegea. "Watu wote," akasema, akitabasamu kama aliyesinzia.

Kadi ilikuwa mkononi mwangu, na maneno ya mwalimu tulikuwa tumeyanakili upande wake wa pili. Nikaigeuza kifudifudi mezani.

"Sawa kabisa," nikamwambia.

Akanishukuru. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi kazi yetu ilikuwa nguo, lakini hakunikagua.

Asubuhi niliiacha chai ipoe mezani. Mume wangu alisema "Vipi?", neno zima la ziada, nami nikatoka na kandambili zangu nikaenda mbio hadi chuoni. Sinema alikuwa ngazini, kalamu mbili mkononi.

"Dada! Umekuja kunitakia heri?"

"Nimekuja kukuambia nilikudanganya. Jana niliposema sawa kabisa, haikuwa sawa. Nilijua. Nilitaka ufeli."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Kwa nini?"

"Ukifaulu utapanda juu, uniache."

Kengele ikalia. Aliinuka akaingia bila kuniaga, nami nikakaa pale ngazini saa tatu nzima. Niliomba afaulu. Niliomba kwa dhati, huku nikijua kila neno la dua ile linanipokonya mtu wangu. Alipotoka alipita mlango mwingine.

Kwa wiki tatu hakunisimulia chochote. Mvuke ulijaa, jua likaingia, naye alikunja shuka macho chini. Nilijikaza kisabuni. Mwenye kosa hadai faraja.

Matokeo yalitoka Jumatano. Alikuja na karatasi yake ya majibu, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nimefaulu," alisema. "Na bado nina hasira nawe."

"Una haki."

"Soma."

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikasoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Mtazamaji wangu ni mwanamke mmoja wa miaka hamsini na mbili. Anapiga pasi. Anasimama tangu asubuhi, jioni miguu imevimba. Anasema hapendi filamu, lakini akisimuliwa husahau mashine. Anaogopa kuachwa. Hofu hiyo ikimzidi husema uongo, kisha uongo humkosesha raha, akaja mbio kusema ukweli hata kama utamponza. Lengo la filamu yangu ni ajue kwamba ghorofa ya tatu si mbali."

Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Huyu namwona."