Rampu Niliyoijenga Mara Mbili

Mie ni fundi zege, na nikisifiwa huwa sikatai. Kimara, Mikocheni, Msasani, kote huko nimemwaga misingi na sijawahi kuitwa nirudie kazi. Basi Mungu akaona anishushe kidogo. Akanipeleka Temeke kwenye duka la dawa, nikajenge kitu kidogo kuliko vyote nilivyowahi kujenga: rampu, ile njia ya mteremko ya zege ya kumwezesha mtu wa kitimwendo kuingia bila kupanda ngazi. Nikaijenga mara mbili.

Duka lenyewe lilikuwa limeinuliwa kwa kuogopa maji ya mvua, ngazi tatu kutoka chini. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapohapo Temeke, anayekijua Kiswahili kunizidi mie niliyekuja mjini kutoka Mtwara. Alikubali mwenyewe kwamba rampu inahitajika. Tatizo lilikuwa gari lake. Alikuwaga analiegesha ubavuni mwa duka, usawa wa ukuta, na hapo hakutaka paguswe.

"Fundi, nifanyie kafupi," akaniambia. "Gari langu nalo lipate pa kukaa."

Hesabu ya rampu ninaijua. Kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Ngazi zile tatu zilitaka kama mita tano na nusu, nafasi iliyokuwepo ubavuni tu, na mzee alinipa mita mbili za mbele ya mlango. Fundi wa kweli angekataa palepale. Mie nikasema lile neno letu la kumalizia kila kitu: "Hamna shida, mzee. Watu wapo, atasukumwa."

Na watu walikuwepo kweli. Mbele ya duka kuna kijiwe cha bodaboda, vijana wa watu, hawana baya, ila kazi yao kubwa kuliko kubeba abiria ni kusikiliza. Siku ya kwanza tu, nikiwa bado napima, akaja mama mmoja kwenye kitimwendo chake. Ni fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtu mzima wa kuamkiwa. Nikamwamkia, akaitikia, akakomea chini ya ngazi akapiga hodi. Binti muuza dawa akachomoza kichwa mlangoni. Yule binti ana roho nzuri sana, na ana sauti ya mnadani.

"Mama! Ile dawa ya choo imesaidia?"

"Bado!" kijiwe kizima kikamjibia.

Nami nilicheka, nisiseme uongo. Mama hakucheka. Alinigeukia taratibu akaniambia, "Baba, hiyo kitu ijenge vizuri. Nataka siku moja niugue peke yangu."

"Ondoa shaka, mama," nikamwambia. "Umepata fundi."

Nikamwaga zege langu, mita mbili kama nilivyoagizwa. Halafu, kwa kujionyesha tu, nikaipiga niru, ule uji wa saruji tunaopaka juu ya sakafu na kuusugua mpaka ung'ae. Iling'aa, jamani! Nilipita hapo asubuhi na jioni kuitazama. Haikunijia kabisa kichwani kwamba kitu kinachong'aa hivyo kinateleza.

Ilipokauka mama akaja, akaikagua juu mpaka chini. "Baba, hii ya kupanda au ya watoto kutelezea?" akauliza. Lakini akajaribu. Alifika katikati, magurudumu yakazunguka bure, akarudi kinyumenyume mpaka chini. Kijiwe kikaruka chote. "Pole mama! Pole mama!" Vijana wanne wakambeba na kiti chake juu kwa juu mpaka mbele ya kaunta, kama bibi harusi. Na wakabaki.

"Agiza tu mama, usijali, sie tunasubiri tukushushe."

Wanne, wamekunja mikono, masikio wazi. Mama akayatazama makabati ya dawa, akawatazama wao, akanunua vidonge viwili vya kichwa. Akashushwa.

Pale chini akaniita. "Uliniambia nimepata fundi."

"Sasa mama, si umeingia lakini?"

"Sijaingia. Nimebebwa." Akajihamishia kwenye benchi la kijiwe, akanisukumia kitimwendo. "Kaa wewe. Panda."

Nikakaa kwa mbwembwe zote. Mie ninayebeba mfuko wa saruji begani, nishindwe na kiti? Mara ya kwanza nikafika robo ya njia. Mara ya pili nikarudi kwa kasi nikaivaa pikipiki ya mtu. Watu wakashangilia kama uwanja wa mpira. Kwa kelele zile binti akatoka, akaniona nimekaa kitini chini ya rampu yangu mwenyewe, akapaza sauti kama ilivyo desturi yake.

"Fundi! Afadhali nimekuona! Ile dawa ya fangasi niliyokupa jana, ulisema ya vidoleni au ya kule kwingine?"

Lahaula! Jana yake niliingia dukani kimya kimya kwa miguu yangu miwili, nikainama kaunta, nikanong'ona. Kushinda siku nzima na suruali iliyolowa maji ya saruji, mafundi wenzangu watanielewa. Kijiwe kilicheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani. Hadi leo pale Temeke kuna watu wananiita Kwingine.

"Mkuki kwa nguruwe," mama akasema pale benchini, wala hakuhangaika kumalizia.

Niliona aibu, tena si ya fangasi. Nilikuwa nimemcheka yule mama kwa kitu hikihiki, nikaenda kumjengea kichekesho kingine cha zege. Nikamfuata mzee, aliyekuwa mlangoni anafuta machozi ya kucheka, nikamwambia kazi yangu haifai, naivunja, na safari hii inapita ubavuni.

Kicheko kikakatika. "Na gari langu?"

Mama ndiye aliyemjibu. "Mzee wangu, gari lako lina magurudumu manne, na la kwangu hili lina manne. La kwako halihitaji dawa."

Mzee akaliangalia gari, akakiangalia kitimwendo. Akaingia ndani kuchukua funguo.

Kuvunja kulinichukua siku mbili. Zege langu mwenyewe lilinikatalia, na nililitukana kwa kila kitu isipokuwa ubora. Nikamwaga upya kando ya ukuta, mita tano na nusu kamili, na juu mlangoni nikaacha sehemu bapa ili mtu asimame avute mlango bila kurudi nyuma. Niru sikuigusa. Zege likiwa bado bichi nikaburuza juu yake fagio la chelewa, ikatoka na mikwaruzo kama shamba lililolimwa. Roho iliniuma kuiacha hivyo. Siku zote za kulimwagilia maji zege likomae nilikaa hapo kama askari, maana kijiwe kiliiona ni maegesho mapya.

Siku yenyewe mama alikuja saa nne asubuhi, amevaa vizuri. Alipogusa tu mwanzo wa rampu, vijana wakanyanyuka, na mie nikajikuta nimeshanyoosha mkono.

"Mikono mfukoni!" akasema.

Tukatia mikono mfukoni, wote. Akaanza kupanda. Katikati akasimama, nikadhani amekwama, kumbe alikuwa anavuta pumzi tu. Akaendelea. Akafika kwenye bapa, akavuta mlango wa kioo, akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Kijiwe kikatega masikio. Kwa kioo tulimwona mama anaongea, binti anatikisa kichwa, midomo inakwenda, na hatukusikia hata neno. "Atakuwa bado choo," mmoja akakisia. Mwingine akasema presha. Wakabishana pale mpaka abiria wakaondoka na bajaji.

Mama akashuka taratibu, mfuko wa karatasi mapajani. Nikampokea chini, na mdomo wangu huu ukanishinda.

"Mama, leo umechukua nini?"

"Dawa," akasema, akaenda zake. Ni mwaka sasa, na sijui alinunua nini.