Madume Matatu ya Cuthbert

Hebu mwone anavyokuja. Anashuka kilima cha Clozier Jumamosi asubuhi, viatu vya mpira miguuni, sufuria kubwa kaifunika kichwani kama kofia ya askari, mwiko mrefu mkononi, kapu la mashelisheli mabichi mgongoni. Hana haraka. Ukimwona utadhani anakwenda kupika harusini. Kumbe anakwenda kwa mtu ambaye hajamsalimia tangu uchaguzi uliopita.

Huyo ni Ismay Modeste. Sisi wa huku Saint John tunamwita Tanti Ismay, hata wale wanaomzidi umri, maana ndiye shangazi wa kila mtu, utake usitake.

Nianze na miti, kwani bila miti hakuna kisa. Kimbunga Ivan kilipopita juu ya kisiwa chetu, kililaza mikungumanga shamba kwa shamba, kama mtu anayekunja mikeka. Na kungumanga ndiyo iliyokuwa imetujengea nyumba, ikatusomeshea watoto na kutuzikia wazee. Baada ya hapo vijana wengi walishuka kusini kwenye mahoteli ya Grand Anse, wengine wakapanda ndege kwenda Toronto na Brooklyn, wakawa wanatutumia mapipa ya mchele na viatu kila Krismasi. Tuliobaki tukapanda ndizi, maana ndizi haikungojeshi miaka. Tanti Ismay akapanda kungumanga upya.

"Nyie mtazikwa na ndizi zenu," alitucheka. "Mimi nitazikwa na harufu ya basibasi."

Sasa, kungumanga ni mti wa siri, mwenzangu. Unaupanda, unaupalilia miaka hata saba, na hujui kama ni dume au jike mpaka utoe maua. Madume ndiyo hutangulia. Basi mwaka jana miti ya Tanti ilipoanza kuchanua, kila uliochanua ulikuwa dume, naye akashika shoka.

"Dume halizai, linakula mbolea tu," alisema. "Nawajua hawa."

Tulicheka, tukamsaidia kukata. Tukakata yote, hata yale mawili matatu ambayo wazee wetu walikuwa wakiyaacha yachavushe majike. Uhodari nao una upofu wake.

Mwaka huu majike yakachanua shamba zima, vikengele vidogo vya rangi ya malai. Yakachanua, yakapukutika. Tunda halikushika ila kwenye miti ya ukingoni, kando ya kijito. Tanti alisimama pale kijitoni, akashika kiuno, akatazama ng'ambo. Ng'ambo kulikuwa na mikungumanga mitatu mizee ya Cuthbert Cadore, madume matupu.

"Ivan alinichukulia wake wote akaniachia waume watatu," Cuthbert alizoea kusema, na kilabuni tulikuwa tukimcheka kwa hilo. Lakini safari hii alikuwa ametangaza maroon, yaani msaragambo, wa kufyeka kiwanja chote. Binti yake wa Toronto alitaka vijumba vya watalii vyenye varanda inayotazama bahari ya Gouyave. Yale madume yalikuwa yamesimama katikati ya varanda na bahari.

Yakianguka, shamba la Tanti lingekuwa nyumba ya wajane. Miche mipya angeweza kuipanda, na alikwisha kuipanda. Ila mche huchukua miaka, na magoti ya Tanti yalikuwa yameanza kulalamika.

Kwa nini asimwombe tu? Kwa sababu ya ufagio. Chama cha kijani kiliposhinda uchaguzi uliopita, Tanti aliamka alfajiri akafagia barabara mbele ya lango la Cuthbert, ambaye ni njano tangu tumboni mwa mama yake, akiimba, "Takataka zimeondoka!" Cuthbert alimtazama dirishani. Tangu siku hiyo, kimya.

Lakini maroon ina sheria yake, nayo haikuandikwa na bunge lolote: anayekuja kusaidia hafukuzwi, awe adui, awe mlevi.

Tulikuwa tunanoa mapanga Tanti alipoingia uani. Cuthbert alikuwa barazani na kofia yake ya njano.

"Nani kakuita wewe?"

"Maroon inaita yenyewe, jirani. Mpishi wako yuko wapi?"

Cuthbert alitazama barabarani. Dada yake, aliyepaswa kupika, alikuwa bado hajapanda kutoka Gouyave.

"Bwana Cuthbert, mwache mama wa watu apike," alisema Lennox, mwenye shoka. "Siasa mimi siili. Nakula shelisheli."

"Nitapika," alisema Tanti, "ila mafiga nitayatega ninapotaka mwenyewe."

"Katege hata baharini," alijibu Cuthbert, ili amwondoe machoni.

Hapo ndipo alipoteleza. Tanti alikwenda moja kwa moja hadi kwenye yale madume matatu, akatega mafiga matatu katikati yake. Akawasha moto. Akapanga oildauni, chakula chetu cha sufuria moja, bila pupa: shelisheli chini, nyama ya chumvi, vidonge vya unga, majani ya magimbi juu, kisha tui la nazi lililotiwa manjano hadi likafunika. Akaweka kifuniko, akakaa juu ya kigogo, mwiko mapajani, kama hakimu.

Tulifyeka mpaka jua likawa la utosi. Ikabaki ile miti mitatu tu. Lennox akaja na shoka, akasimama.

"Tanti, sogeza sufuria."

"Oildauni ikishapangwa haisogezwi wala haikorogwi. Mama yako hakukufundisha?"

"Basi nitauangushia upande ule."

"Angusha, mwanangu. Ukiparamia sufuria, utawaeleza hawa wenzako."

Wenzake ndio sisi. Tulikuwa tumeshanusa manjano na nazi. Tulimtazama Lennox, naye akalilaza shoka chini taratibu kama anamlaza mtoto.

Cuthbert alishuka barazani kwa hasira. "Ismay! Hii ni ardhi yangu!"

"Nani kabisha? Ardhi yako, miti yako, varanda yako. Njaa tu ndiyo yetu." Kisha akabadili sauti. "Cuthbert, kaa. Wake zangu kule ng'ambo wanachanua bure. Madume nimeyakata yote mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Bila haya yako, sivuni."

Kumsikia Tanti Ismay akisema kosa ni lake ni kama kuona mto ukipanda kilima. Cuthbert alikaa.

"Ulinifagia," alisema.

"Nilikufagia."

"Mbele ya kijiji kizima."

"Na ufagio ulikuwa mpya, jirani. Nilikuheshimu."

Tulicheka mpaka Lennox akakohoa. Cuthbert alibana midomo, lakini mabega yalimsaliti.

"Tazama bendera yetu," Tanti aliendelea. "Kuna njano, kuna kijani, na kungumanga imo. Ivan alipokuja alimuuliza nani kadi ya chama?"

"Maneno matamu hayo. Wenzako wa kijani umewaambia?"

"Nakuambia wewe."

Oildauni iliiva, tui likakauka, mafuta yakabaki chini. Tulikula. Na mtu aliyeshiba oildauni mchana, nani atamshikisha shoka? Lennox alikuwa amelala kwenye kivuli cha dume aliloitwa kulikata. Cuthbert alipangusa sahani yake kwa kidonge cha mwisho, akavuta pumzi.

"Varanda inaweza kugeuka, itazame mlima," alisema. "Binti yangu atanung'unika, ila atanyamaza. Madume yatasimama mpaka yako mapya yachanue. Lakini nina sharti langu, Ismay."

"Liseme."

"Jumapili ijayo tuna mkutano Gouyave, kiwanjani, vipaza sauti na kila kitu. Utakaa mstari wa mbele, kando yangu. Umevaa fulana ya njano."

Lazima ujue kwamba marehemu Wilfred, mume wa Tanti, alikuwa wakala wa kijani kituo cha kura miaka yote, na alizikwa na tai ya kijani aliyofungwa na mkewe kwa mkono wake.

Tanti alikung'uta mwiko kwenye jiwe. "Fulana haipigi kura," alisema.

"Haipigi. Lakini inaonekana."

"Basi niletee kubwa. Mimi si mwembamba kama chama chako."

Akaosha sufuria, akaivaa kichwani, akapanda kilima mgongo ukiwa umenyooka kama alivyokuja.

Leo ni hiyo Jumapili. Magari yenye bendera za njano yanapiga honi barabarani, na Cuthbert kasimama langoni, kofia kichwani, macho yake kilimani. Ng'ambo ya kijito madume matatu yamejaa vishada vya maua. Kwenye kamba ya nguo ya Tanti Ismay inaning'inia fulana ya njano, kubwa, imefuliwa ikanyooshwa. Ndani ya nyumba, picha ya Wilfred inatazama mlangoni. Naye Tanti amesimama katikati ya kamba na mlango, mkono mmoja kaunyoosha.

Wewe ungekuwa yeye, ungeivaa?