Saa sita kwenye ripoti, dakika ishirini na mbili kwenye koki

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, Alhamisi. Mwanamke mwenye buti za mpira anapiga magoti kando ya chemba, anaingiza ufunguo mrefu wa chuma na kuuzungusha mara kumi na nne. Chini maji yanaanza kunguruma. Anatazama saa yake, kisha anaandika kwenye daftari la hesabu: 12:00.

Ana miaka arobaini na tatu na ni fundi wa valvu katika idara ya maji ya mji. Kazi yake ni kufungua na kufunga, mtaa baada ya mtaa, kwa kufuata ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini. Wenzake humwita Profesa, na si kwa kumsifu.

Kwa miaka sita ratiba hiyo imeupa mtaa wa kilimani saa tatu kila Jumatatu na saa tatu kila Alhamisi. Ripoti ya mwezi husema: saa sita kwa wiki. Mama yake, mwenye miaka sabini na moja, anaishi huko juu na ana takwimu zake: ndoo nne, zikizidi sana tano.

"Namwambia, 'Mama, maji nimefungua kwa mkono wangu.' Ananijibu, 'Basi umemfungulia nani?'" anasema. "Uulizwe hivyo kila wiki na mzazi wako, kalamu utaishika tu."

Aliishika mwaka jana. Bomba la kupanda kilimani lina urefu wa kilomita 3.2 na upana wa milimita 150. Bondeni lina mpasuko. Valvu ikifungwa, maji yote huvujia hapo, kwa hiyo kila zamu huanza na bomba tupu. Kabla koki ya kwanza kilimani haijatoa tone, lita 56,500 lazima ziingie kulijaza.

Kasi aliipima kwenye tangi. Valvu hiyo ikiwa wazi peke yake, tangi hushuka sentimita kumi na mbili kwa saa, sawa na lita 21,600. Akagawanya, akapata saa mbili na dakika thelathini na saba. Akapanda kwa mama yake, akasubiri kando ya koki. Maji yalifika baada ya saa mbili na dakika arobaini na tisa.

"Hizo dakika kumi na mbili ziliniumiza kichwa wiki nzima," anasema. "Kumbe nilisahau kuwa bomba lililopasuka huvuja hata wakati linajazwa. Hesabu haikunidanganya. Mimi ndiye niliyeinyima habari."

Hesabu iliyorekebishwa ni fupi. Katika saa tatu za ratiba, kilimani hupata dakika kumi na moja. Mara mbili kwa wiki, dakika ishirini na mbili. Lakini saa zile zile sita zikitolewa kwa mkupuo mmoja, bomba hujazwa mara moja tu, na kilimani hupata saa tatu na dakika kumi na moja.

Na mpasuko? "Uko kwenye orodha ya matengenezo tangu mwaka juzi. Siku wakiuziba hesabu yangu itakufa, na mazishi yake nitayagharamia mimi."

Alipoomba ratiba ibadilishwe hivyo, meneja wa idara alimkatalia mara nne. "Wananchi wamezoea siku mbili," alisema. "Ukiwaondolea moja, watasema tumewapunja."

"Tumeshawapunja, bosi. Hawajajua tu ni kiasi gani."

Mara ya tano alimwendea mhandisi wa idara, naye akakubali Alhamisi moja ya majaribio, ndiyo hii. Jumatatu valvu haikufunguliwa. Maji yakichelewa zaidi ya dakika kumi kupita hesabu yake, fundi angehamishiwa usomaji wa mita, na daftari lingebaki nyumbani.

Saa mbili na dakika hamsini na moja simu yake inaita. Ni mhandisi, amesimama kilimani, uani kwa mama wa fundi.

"Yamefika. Umekosea dakika mbili."

"Na ratiba yako, injinia, inakosea ngapi?"

Nyuma ya mhandisi inasikika sauti ya mama: "Mwanangu, hebu sogea, unanizibia ndoo!"

Saa tatu kamili anatokea fundi mwenzake wa zamu, ufunguo begani. Hakuna aliyemwambia lolote.

"Profesa, pisha nifunge."

"Leo tunafunga saa sita."

"Ukutani imeandikwa saa tatu."

"Maji yamefika juu sasa hivi, kaka. Dakika tisa!"

"Mimi sijapewa barua."

Profesa anaburuta mfuniko wa chemba, anaurudisha mahali pake na kuukalia. "Haya, funga."

Mwenzake anaegemeza ufunguo ukutani, anaondoka kutafuta barua. Yeye anakaa hapo hadi saa sita mchana.

Ijumaa asubuhi ripoti yake inarudi kutoka kwa meneja ikiwa na wino mwekundu: "Jumatatu, saa 0. Huduma imeshuka. Eleza." Fomu ina nafasi ya saa valvu ilipofunguliwa na ilipofungwa. Haina nafasi ya saa maji yalipofika.

"Tuna mabomba saba ya aina hii, nimeshapima matatu," anasema. "Nataka kuyamaliza yote kabla ya mwaka kwisha. Siombi gari, siombi cheo. Naomba safu moja kwenye fomu."

Anachukua rula na kuichora mwenyewe. Juu yake anaandika "Maji yamefika", chini yake "2:51", kisha anaipeleka kwa mhandisi.

Mhandisi alitia saini saa nne na dakika kumi.