Hofu ya Solgunn, msafishaji wa majina ya mahali

Saa mbili asubuhi, mvua inaupiga mlima unaoonekana kutoka ofisi ya wilaya ya Halsdal, magharibi mwa Norwe. Solgunn Myklebust ameganda mbele ya kompyuta.

"Mbona umeduwaa kama umeiba jibini?" anamtania mwenzake, Torgeir.

"Acha utani, Torgeir. Nitafutie namba ya Bi Oddny."

Kazi ya Solgunn ni kusafisha majina ya mahali. Posta huyaandika hivi, watu wa umeme vile, wenye mashamba wapendavyo. Programu hupima jinsi majina mawili yanavyokaribiana kwa herufi, kisha humwuliza: ni mahali pamoja? Akikubali, yanaunganishwa. Orodha hiyo ndiyo huamua nani apigiwe simu ya onyo la maporomoko.

Majira ya baridi yaliyopita alikuwa na majina elfu sita, na mkubwa wake akimharakisha. Akairuhusu programu iunganishe yenyewe kila jozi inayofanana kwa asilimia sabini na tano au zaidi.

Ndivyo Grøndal, shamba la bondeni, lilivyoimeza Grøndalen, malisho ya mlimani ambako familia huhamia na ng'ombe kila kiangazi. Leo simu ya onyo imepigwa bondeni. Sasa ni kiangazi, na bondeni hakuna mtu.

Simu inaita, inakatika. Inaita tena.

"Nani?" Ni Bi Oddny Kvamme, mjane wa miaka sabini, aliye kule Grøndalen na ng'ombe wake.

"Mama, ni Solgunn wa ofisini. Mlima unaweza kuporomoka. Shuka sasa hivi!"

"Sasa hivi? Ninakamua, binti. Niwaache na viwele vimejaa?"

"Waache, nakuomba!"

"Wewe umewahi kukamua?"

Maziwa yanasikika yakigonga ndoo.

"Mama, onyo lilikuwa lako," Solgunn anasema huku akilia. "Mimi ndiye niliyelipeleka kwingine."

Ndoo inanyamaza.

"Haya, usilie. Nawafungulia. Tunashuka wote."

Saa tano, Bi Oddny yuko shuleni, mahali salama, na ng'ombe wake wamejaa uwanjani. Mlima bado umesimama, lakini Solgunn hajatulia. Jozi mia nne ziliunganishwa namna ile, na mvua haijakatika.

"Nitazirudia zote," anasema. "Na safari hii siiulizi kompyuta. Nitauliza watu: pale, leo, analala nani?"

Tayari anabonyeza namba nyingine.