Ukuta Ulionyweshwa Maji

Ukisikia maji yakimwagika mtaani Simbilyabo, mjini Bunia, kabla hakujapambazuka vizuri, usidhani bomba limepasuka. Ni Scholastique, Mama Lydie, anaosha nyumba. Kitambaa kwake ni cha kufutia meza. Sakafu yeye huimiminia ndoo nzima sebuleni, nyingine vyumbani, kisha huyasukuma maji yote kwa raklete, ule mpira wenye mpini, mpaka mlangoni, huku akiimba nyimbo za kwaya. Miguu ya viti vyake ameivisha makopo ya maziwa isije ikaoza. Viti alivihurumia, kuta hazikumjia akilini.

Lakini tusimwonee, usafi anaujua. Mwanamke aliyefagia kwanza ndipo akaangusha utando wa buibui, Scholastique alimwambia amejipa kazi mara mbili, maana vumbi hushuka, halipandi. Mwingine alichanganya javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na siki ili choo king'ae. Huyo Scholastique alimvuta nje akikohoa, akamkaripia mpaka akatoa machozi, kwa kuwa hewa ile inaua mapafu. Yote hayo kweli tupu. Ila nyani haoni kundule.

Mapenzi yake ya maji yalianza vitani. Alikimbia kutoka Djugu na bintiye Lydie mgongoni, angali mchanga, wakaishi kambini chini ya turubai. Mvua ikinyesha, matope yaliingia mpaka kitandani, mpaka kwenye sufuria. Akaapa kwamba siku akipata nyumba, udongo hautakanyaga humo. Mumewe Donatien alipopata kiwanja, alijenga kwa matofali mabichi ya udongo, akapiga sakafu ya saruji, na kuta akazivika lipu ndani na nje. Nyumba ya namna hiyo watu wa Bunia huiita semi-durable, yaani ya kudumu nusu. Scholastique hakuipenda ile semi. Aliikata, akawa anasema nyumba yake ni durable, na kwa kulirudia sana neno hilo akaliamini mwenyewe.

Mwaka huu Lydie, aliyeolewa Komanda, alijifungua mtoto wa kwanza. Desturi ni mzazi mpya aje kulelewa kwa mama yake, basi ikasemwa atafika Jumapili. Bibi alijaa furaha kupita kiasi. Chumba cha mjukuu akakiosha asubuhi na jioni, na kuta pia akazirushia maji, ili mtoto asivute hata chembe ya vumbi.

Ukuta wa chumba hicho ukaanza kuvimba upande wa chini. Scholastique alilaumu mchwa, akawamwagia dawa, na juu ya dawa akaongeza maji. Kisha akamlaumu jirani yake Joséphine, kwamba maji ya bati lake yanapenya chini ya msingi. Joséphine akajibu kwamba bati lake limeelekea upande mwingine kabisa, na tangu hapo salamu zikakatika. Maji nayo hayakuwa na ugomvi na mtu. Yaliendelea na kazi yao kimya kimya. Bandu bandu huisha gogo.

Alhamisi, akiwa anasugua, bonge la lipu likaanguka. Nyuma yake hapakuwa na tofali. Palikuwa na uji wa udongo uliotiririka taratibu hadi kwenye sakafu yake safi, na juu yake ukuta wote ukiwa umepinda kuelekea kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya Lydie. Alimwita Donatien. Mzee akatazama, akachomeka kidole ndani ya ukuta, kikazama chote.

“Mama Lydie,” akasema, “hii nyumba iko ya udongo. Weye unainywesha maji kila asubui.”

Scholastique alikasirika, kisha akaona aibu, na aibu ilipopita ikabaki hofu. Ukuta ule ungelala juu ya mtoto mchanga, na mikono iliyouangusha ingekuwa yake mwenyewe. Hakuna mchwa wala Joséphine hapo.

Lakini Scholastique si mtu wa kukaa akashika tama. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Joséphine, akamwambia bila kuzunguka kwamba amemkosea, na Joséphine akacheka mpaka akaketi, kisha akaja na chepeo la kuchimbia. Kitanda cha Lydie kikahamishiwa chumba kikubwa. Donatien akaambiwa atalala sebuleni, na hakuulizwa maoni. Paa wakaliegemeza kwa miti ya mkaratusi. Wakachimbua sehemu yote iliyolowa, na Donatien akaanza kupanga matofali ya kuchoma chini, yale yasiyoogopa maji.

Kuyashikanisha kulihitaji udongo uliokanyagwa vizuri. Donatien mgongo unamsumbua. Scholastique alisogea kwenye rundo la udongo uliolowa, akafunga kitenge juu ya magoti, akaingia. Tangu kambini hakuwa amekanyaga matope. Mwanzoni alikumbuka mengi asiyopenda kuyakumbuka. Baadaye miguu ikashika mwendo wake, na nyimbo za kwaya zikarudi.

Jumamosi alikuwa bado humo, matope hadi mapajani na viwikoni, gari liliposimama nje. Lydie alikuwa amepata nafasi siku moja mapema. Aliingia uani amebeba mtoto ndani ya shali nyeupe, akaukuta ukuta uko wazi, nguo ziko juu ya kamba, na mama yake, mwalimu wa usafi wa mtaa mzima, katikati ya tope. Scholastique alirudi nyuma. Kila kitu alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya siku hii kilikuwa uani kama takataka. Alificha mikono mgongoni, akaomba wamngoje kidogo aoge, abadili nguo, mtoto asichafuke.

Lydie hakungoja. Alikanyaga tope na viatu vyake vya safari mpaka mbele ya mama yake.

“Mama, miye ulinilea mu matope,” akasema. “Na niko muzima. Shika mutoto.”

Scholastique alitoa mikono mgongoni, akampokea. Tope likashika kwenye shali nyeupe, na hakuna aliyelifuta.